Njia ya Kokoto mpaka Hail

Ijumaa, 2 Oktoba 1970

Daftari hili kanipa dada yangu Sayyida, na hakunipa kwa mapenzi. Nlikuwa namhadithia jikoni kisa cha yule jirani aliyemrudisha mkewe kwao kwa sababu ya paka, nshafika pahala patamu, akachukua daftari la ofisini kwa mumewe akaniwekea mbele. "Suud, kaka yangu," anambia, "nna vitunguu na nna wewe, siviwezi vyote viwili. Mengine kaandike."

Haya, naandika. Skuli nlikaa miaka miwili tu, mwalimu akasema nasema sana, kwa hivyo herufi zikienda upande nisilaumiwe. Unguja nlikuwa napeleka mikate kwa baskeli, kutoka alfajiri mpaka jua kupanda, hakuna mlango nsioujua wala siri ya mlangoni nsioijua. Kisha yakatokea yaliyotokea, nkakaa Dubai miaka sita, na mwezi wa nane huu nkaingia Oman, nchi ya babu yangu, sina ila baskeli na sanduku moja. Mke wangu, Mungu amrehemu, alitangulia zamani. Nakaa Mutrah kwa Sayyida, na mumewe Thani kanitafutia kazi ya kupika chai ofisini kwao serikalini, Muscat. Thani yeye karani mkubwa, kalamu mbili mfukoni.

Leo Ijumaa, hakuna chai. Nkatoa baskeli.

"Wapi?" Thani kaniuliza.

"Kutembea."

"Kutembea wapi?"

"Niende kisha nirudi."

"Basi si ubaki, ushafika."

Ndiye Thani huyo.

Njia ya Ruwi siku hizi magari, kila siku lipya, yanakutilia vumbi mpaka kwenye meno. Nlipofika Watayya nkaiwacha, nkashika njia ya punda ya upande wa milimani. Ya rabbi! Kokoto tupu, na kimya. Hakuna gari, hakuna mtu, mbuzi wawili watatu wanakutazama kama umewadai. Tairi zinasema kria-kria-kria. Mwanzo nkarushwa kama mahindi kwenye kikaango, kisha nkakumbuka njia za shamba, nkatoa upepo kidogo, tairi zikawa laini, baskeli ikatulia. Kwenye kokoto usikamate usukani kama unamkamata mwizi. Ushike kama unashika mkono wa mgeni, uwache ucheze wenyewe.

Nmerudi na miba minne ndani ya mpira mmoja. Furaha tele.


Jumanne, 6 Oktoba

Nimeziba pancha. Thani jino linamuuma, hasemi na mtu. Raha.


Ijumaa, 9 Oktoba

Leo nimefika Bawshar kwenye mitende. Ukutani mwa shamba amekaa mtu mmoja anashona tandiko la punda, ndevu nusu nyeupe, jina lake Marhoon. Nkashuka, nkasalimu. Akanipa tende na kahawa, tumekaa, akanambia, "Ulum?" Maana yake kwa Kiarabu cha huku, khabari gani ulizonazo.

Nkasema moyoni, alhamdulillahi, kapatikana mtu! Miezi miwili nakaa na watu wanaonikimbia, na huyu ananiomba mwenyewe. Kiarabu changu cha kuokoteza, lakini kikikwama natia mikono. Nkampa kila kitu. Meli ya simenti iliyokwama bandarini. Jirani na paka. Jino la Thani, upande gani na limevimba vipi. Marhoon akawacha kushona. Wakaja wawili wengine kutoka shambani, wakakaa.

Nlipomaliza, akauliza, "Na umebeba nini?"

"Sijabeba kitu."

"Umepotelewa na ngamia?"

"Sina ngamia."

"Basi unamtafuta nani?"

"Simtafuti mtu. Natembea tu, moyo ufurahi."

Wakatazamana. Nlipopanda kuondoka nkasikia mmoja anawambia wenzake, "Huyu anatafuta mke." Nlicheka mpaka Watayya.


Jumatano, 14 Oktoba

Nimebeba baskeli begani kuvuka kilima cha Sidab. Wavuvi wameniuliza kama nimeiba. Sirudii.


Ijumaa, 16 Oktoba

Leo nna la kuandika. Sayyida nshamhadithia mara mbili, ya tatu kajifunika mtandio kichwani.

Nlitoka baada ya sala ya alfajiri, nkapita Bawshar, nkapita Ghala, pale ardhi inafunguka sawa kama mkeka na kokoto inakuwa ndogo ndogo, unateleza juu yake unasema unapaa. Sijakutana na gurudumu hata moja. Saa nne nkatokea Hail, pwani, vijumba na mitende. Kuna mbuzi kalala katikati ya njia, nkapiga kengele.

Nyuma ya ukuta sauti ya mwanamke, kwa Kiswahili: "Jamani! Hiyo kengele ya baskeli!"

Nlikuwa nianguke. Nkajibu, "Ya baskeli, bibi, na mwenyewe ni Suud wa Mlandege!"

"Mlandege! Mie Kheiria wa Bumbwini! Usiondoke hapo, Suud wa Mlandege, ukiondoka nitakufuata na mwiko!"

Akatoka kakake, Harub. Mrefu, khanjari kiunoni, uso kama jiwe la kusagia. Hajui Kiswahili hata neno. Hawa ndugu wa baba mmoja: Harub kaachwa hapa mdogo kwa mama yake, baba akenda zake Unguja, akaoa huko, akazaliwa Kheiria. Hawajapata kuonana mpaka sitini na nne, Kheiria alipofika hapa mjane, hana pahala pengine. Kiarabu chake cha kuombea maji na chumvi.

Harub kanikaribisha barazani, kahawa, tende, heshima zote. Kheiria kakaa ndani nyuma ya mlango, umeegeshwa. Na kutoka hapo, ndugu yangu daftari, nlikutana na mwenzangu. Mie nikisema moja, yeye matatu. Kaniuliza mkate wa mofa wa soko gani ulikuwa unawahi kuisha. Kaniuliza mashelisheli. Kanihadithia mjomba wake alivyoungua mdomo kwa shelisheli la moto mbele ya wakwe akawa anasema "karibuni" kwa pua. Tumecheka robo saa nzima. Harub kakaa katikati yetu na dele la kahawa, akanimiminia, akautazama mlango, akanitazama mie, akamimina tena.


Jumatano, 21 Oktoba

Siku haziendi. Nimetia chumvi kwenye chai ya mkurugenzi.


Ijumaa, 23 Oktoba

Hail tena. Kheiria kaniambia mbuzi wote wa Harub kawapa majina ya wanawake aliogombana nao kwao mtaani, ndiyo akiwapiga fimbo roho inapoa. Kicheko! Kisha akasema jengine. Lile siliandiki, lake mwenyewe.

Harub huyu mtu mzito, hacheki, haulizi. Sijui dada mtu anaishi naye vipi.


Ijumaa, 30 Oktoba

Nimekwenda Hail na nimerudi na sijui kama njia ilikuwa na mawe.

Leo nlimwambia Kheiria, "Bi Kheiria, mie mtu mzima, nna kazi, nna baskeli, na nna maneno mengi sina wa kumpa." Harub ananimiminia kahawa. Kisha Kheiria akasema, "Suud, ulikuwa umekawia. Mie nshakubali tangu ile kengele. Lakini kamwambie kaka kwa njia ya adabu, umlete mtu mzima wa kwenu. Kesho kutwa Ramadhani, ngoja Idi ipite. Na mpaka hapo funga mdomo."

"Mie? Mdomo wangu kaburi," nkamwambia.

Nkatoka nakanyaga kama kijana wa miaka ishirini. Bawshar kwa Marhoon nkasimama kunywa maji. "Ulum?" akaniuliza. Haya, mtu akikuuliza ana kwa ana utamnyima? Nkamwambia naoa. Namwoa dada yake Harub wa Hail, Idi ikipita. Akanikumbatia, akanipa tende za kubeba.


Jumapili, 1 Novemba

Leo saumu ya kwanza. Nimefunga chakula na nimefunga mdomo. Cha pili ndiyo kizito.


Jumanne, 10 Novemba

Laiti ningelifunga mdomo siku mbili kabla ya saumu.

Leo alasiri kabisha hodi mtu, Thani kenda kufungua, ni Harub. Kaja na lori la tende kutoka Hail mpaka Mutrah, na saumu yake. Nlipomwona nkasema moyoni, keshapenda mwenyewe, kaja kuniita! Nkanyanyuka kwenda kumpa mkono. Hakunipa. Akasema na Thani, mie kama sipo.

"Wewe ndiye mkubwa wa nyumba hii?"

"Ndiye mimi, karibu, kaa."

"Sikai. Juzi nlikuwa soko la Seeb, nna watu. Kaja Marhoon wa Bawshar, mtu mwenye neno lake, kanipa mkono mbele ya soko zima: mabruk, dada yako anaolewa. Mie ndiye walii wake, na mie ndiye wa mwisho kujua. Wakanipa mkono wote. Nkapokea. Ningefanya nini, niseme sijui?"

Thani kanigeukia. Sijapata kumwona Thani na macho yale.

"Na kuna kubwa kuliko hilo," Harub akasema, na hapo ndipo sauti yake iliposhuka, na ilivyoshuka nlitamani angepiga kelele. "Siku tatu kaja kwangu. Nimemnywesha kahawa kwa mkono wangu. Wakasema na kucheka, nkasema wacha, ni khabari za watu wao, dada yangu anafurahi. Kumbe wanaposana, na mie katikati nashika dele. Mwambie baskeli yake isipite Hail."

Akageuka akaenda. Sayyida kamfuata na sinia ya kufuturu mpaka njiani, hakuipokea.

Tumefuturu. Mwisho Thani kasema, "Suud, ulimwambia yule mshona matandiko?"

"Kaniuliza ulum."

"Bwana wee! Ulum ni salamu! Mtu akikuuliza unasema hakuna ila kheri, na yeye anasema hakuna ila kheri, ndiyo adabu yao tangu dunia ianze. Utakalolisema baada ya hapo, wanalichukua kuwa umelipima. Na wewe unamwaga kama mtu aliyegonga ndoo!"

Miezi mitatu nakula nyumba moja naye, ndiyo kwanza leo ananambia. Nkamwuliza kwa nini.

"Lini ulinipa nafasi ya kusema?" akanambia. Sayyida kacheka, akaziba mdomo.

Usingizi hauji. Lakini nasema hivi, na naandika: Kheiria kasema ndiyo. Mwenyewe kasema ndiyo. Kilichobaki ni jiwe moja njiani, na mie mawe nayajua, hupiti juu kwa nguvu, unatafuta upande.


Ijumaa, 13 Novemba

Nimekwenda Bawshar na saumu, taratibu, nkishuka kila kilima. Koo kama mchanga. Nlikwenda nmekasirika, nimwambie Marhoon kanivunjia nyumba kabla haijajengwa. Nlipomkuta, kabla sijafungua mdomo, akasema, "Nimemwaibisha Harub na nimekuaibisha wewe. Nlidhani mmekwisha kupatana. Kwetu mtu hatamki harusi bila ya kuwa nayo mkononi."

Utamgombeza mtu kama huyo? Hasira zikanitoka zote. Nkamwambia, "Basi weye ndiye mshenga wangu."

"Mie?"

"Harub anakuamini neno lako. Tena hilo uloliharibu ndilo utakalolitengeneza, kama tandiko."

Kafikiri kidogo. Akasema atamwendea, lakini baada ya Idi, na mie nisikanyage Hail wala nisitume neno kwa mtu. Tumefuturu pamoja kwa tende na mtindi. Hakuniuliza ulum.


Jumapili, 22 Novemba

Ofisini wananiuliza naumwa nini, mbona kimya.


Jumanne, 1 Desemba

Idi. Nimevaa kanzu mpya na kofia alonishonea Sayyida. Wageni wamekuja, wameniuliza khabari, nkasema hakuna ila kheri. Thani kanitazama kama mtu aliyeona punda anasoma.


Jumamosi, 5 Desemba

Kaja Marhoon na punda wake mpaka Mutrah. Siku mbili kakaa Hail. Siku ya kwanza Harub hakutaka kusikia. Siku ya pili Harub kamwambia: kuna mtu wa Seeb, ana duka, ana mitende, kamposa Kheiria. Harub hajamjibu bado. Ijumaa inayokuja, wakati wa sala, huyo mtu atakuwapo msikitini na atapewa jawabu. "Kama Suud mwanamume," kasema, "aje Ijumaa hiyo kabla ya adhana, na mkubwa wa nyumba yake, aseme nami uso kwa uso. Adhana ikiniita hajafika, neno nimempa mwingine."

"Na Kheiria?" nkauliza.

"Kampiga yule mbuzi mweusi vibaya sana," Marhoon kasema. "Hajui yeyote kwa nini."

Mie ndiye najua. Huyo mbuzi ana jina la mwanamke alomwibia mwiko.

Thani kakubali kwenda. Kasema ataazima gari ya ofisi. "Saa moja tu tuko Hail," kasema, "kama watu wenye akili." Marhoon atatangulia, tumkute huko.


Alhamisi, 10 Desemba

Mvua. Tangu adhuhuri, milima yote ya Mutrah inamwaga maji. Sayyida kasema ni kheri. Mie nasikiliza tu.


Ijumaa, 11 Desemba

Naandika haya Hail, kwenye baraza ya Harub.

Asubuhi mvua imekatika. Thani kaja na gari na dereva, kalamu mbili mfukoni. Tukatoka mpaka pale Watayya, wadi lote maji, mto mkavu ule umekuwa mto wa kweli, maji ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba matawi. Magari saba yamejipanga, hakuna linalopita. Dereva kasema labda kesho.

"Basi," Thani kasema. "Mungu hakupenda. Tutampelekea barua Harub."

Nkamwambia, "Adhana saa sita na robo. Sasa saa moja. Turudi nyumbani."

"Tukafanye nini?"

"Baskeli."

"Wewe nenda."

"Kasema na mkubwa wa nyumba. Mkubwa ni wewe."

"Suud. Mie nikae nyuma ya baskeli? Mie? Na kilemba?"

Tumerudi nyumbani tunabishana, Sayyida yupo mlangoni, mikono ina unga. Hajasema neno kubwa, kasema, "Thani, ulipokuja kuniposa mimi, kaka yangu huyu ndiye aliyekubeba kwa baskeli kutoka bandarini, miguu yako ilikuwa imevimba. Umesahau?"

Alikuwa kasahau. Na mie, wallahi, nlikuwa nimesahau, na mie sisahau kitu.

Thani kavua viatu, kafunga kilemba kwa kamba chini ya kidevu kama mtoto mwenye matumbwitumbwi, akapanda kwenye keria. Pale wadini hatukupita palipopita magari. Nkafuata njia ya punda juu, kwenye mawe, pahala wadi linapobanwa na milima lakini chini ni kokoto ngumu, maji ya magoti. Nkabeba baskeli begani, Thani kanishika shati nyuma, tukavuka. Kalamu moja ikenda na maji. Watu wa magari walikuwa wanatutazama toka mbali, mmoja akapiga honi. Nkampigia kengele.

Baada ya hapo, mvua imefanya jambo la ajabu: vumbi limekwisha, kokoto imeshikana, njia yote imekuwa kama imefagiliwa. Hakuna kiumbe. Milima imeoshwa, kila tone linang'aa kwenye miba. Nkatoa upepo kidogo tairi ya nyuma, kwa uzito wa serikali. Tukafika Bawshar. Pale kwenye mteremko baskeli ilipoteleza yenyewe, kria-kria-kria, nkasikia nyuma yangu, "Suud?"

"Naam?"

"Ndiyo hivi kila Ijumaa?"

"Ndiyo hivi."

"Hm," kasema. Kisha, "Kanyaga."

Ghala tairi imetoboka. Nimeziba, mikono ina matope, kiraka hakishiki, mara ya kwanza, mara ya pili. Thani kakausha mpira kwa kilemba chake. Kilemba cha Idi! Kiraka kikashika. Tumefika Hail saa sita kasorobo, nina matope mpaka kwenye nyusi, Thani hawezi kusimama wima.

Harub yuko barazani, Marhoon upande mmoja. Kahawa hakuleta.

Thani kasema yake, na kasema vizuri, kwa Kiarabu cha ofisini: huyu shemegi yangu ana makosa, mdomo wake hauna mlango, lakini hana uchafu moyoni, na tumekuja kukuomba.

Harub kajibu, "Nimesikia. Lakini kwanza nna haki yangu. Siku tatu mlisema mbele yangu, mie kama nguzo. Leo kila mlilolisema nitaambiwa, kwa Kiarabu, moja moja. Kisha ndiyo nitajibu." Na mlango wa ndani ukasogea kidogo. Nkajua yupo.

Haya, nkaanza. Shelisheli. Kiarabu chake sikijui. "Tunda kubwa, linachomwa."

"Mlicheka vile kwa tunda?"

"Kwa mjomba. Limemuunguza mdomo."

"Mjomba wake kaungua na akacheka?"

"Kasema 'karibuni' kwa pua." Nkafanya na pua. Marhoon akainamisha kichwa, mabega yanatikisika. Harub jiwe.

"Siku ya pili."

"Siku ya pili... mbuzi wako wana majina."

"Mbuzi wangu?"

Nkamweleza. Kauliza yule mweusi anaitwaje, nkamwambia. Kauliza yule mwanamke alifanya nini. Kutoka nyuma ya mlango Kheiria kasema kwa Kiarabu, "Mwizi." Harub kasema, "Na mbuzi huyo pia mwizi." Akanigeukia mie. "Kisha?"

Na hapo, ndugu yangu daftari, nikafika kwenye lile nlilokataa kukuandikia. Maisha yangu yote sijapata kuwa na neno mdomoni nkataka kulimeza. Nkimwambia, nimemchoma mtu ndani ya nyumba yake. Nkasema, "Hapo hatukusema kitu."

"Muongo," Kheiria kasema kwa Kiswahili. "Sema."

"Siwezi."

"Basi nasema mie."

Na akasema, kwa Kiarabu chake cha maji na chumvi, neno moja, anatafuta, neno jengine: "Kaka yangu mwema. Hajaninyima kitu. Lakini miaka sita naota kwa Kiswahili, na nikiamka hakuna wa kumhadithia ndoto."

Harub anautazama ule mlango. Nlidhani atakasirika. Uso ule ule, lakini mkono wake ukawa unasugua goti, unasugua, kama mtu aliyeumwa na kitu na hajui wapi.

"Miaka sita?" kauliza.

"Miaka sita."

"Mie nlidhani," kasema, "hupendi kusema."

"Na mie nlidhani wewe," kasema Kheiria.

Adhana ikalia. Harub akanyanyuka akatoka nje. Thani kaninong'oneza, "Kwisha." Roho yangu ikashuka mpaka kwenye matope ya miguuni. Tukasikia vishindo uani, kisha hakuna. Tukatoka kutazama.

Kaichukua baskeli yangu kutoka pale ukutani, kaisukuma ndani uani, kaiegesha kivulini pamoja na punda wake na wa Marhoon. Na mbele ya tairi kaweka fungu la majani mabichi, yale wanayowalisha punda.

"Kabeba watu wawili," katuambia, uso ule ule wa jiwe, "na njia mbovu. Wacheni ale."

Marhoon kakaa chini kwa kucheka. Thani hakuelewa, Marhoon akamweleza huku anajifuta macho: mwenye nyumba akimlisha mnyama wako, keshakubali ukae. Harub naye anaosha mikono kwa ajili ya sala. Thani kamwuliza, "Na yule wa Seeb?"

"Nitamwambia dada yangu keshasema," Harub kajibu. "Na kasema kwa Kiarabu."


Jumatano, 16 Desemba

Thani kaniuliza baskeli kama yangu hupatikana wapi. Kauliza kwa ajili ya rafiki yake, ati.


Ijumaa, 25 Desemba

Jana tumeoana, Hail, baada ya alasiri. Halua, wali, mbuzi wawili. Kheiria ndiye aliyechagua mbuzi gani.

Asubuhi leo sanduku lake kalichukua Marhoon kwa punda. Harub kafunga mkoba wa tende kwenye usukani kwa mkono wake, kakaza kamba mara tatu, akasema na dadake maneno mengi kidogo, kwake yeye ni hotuba. Nlikaa mbali, nsiyasikie. Naandika hivyo kwa sababu Sayyida hataamini.

Kheiria kakaa kwenye keria, buibui kalikusanya, tumetoka. Tangu Hail mpaka kwenye ule uwanda kabla ya Ghala kasema yeye peke yake: Harub, ndoto sita za miaka sita, mwanamke wa mwiko. Tulipofika kwenye uwanda, kokoto ndogo ndogo, sawa, huoni mtu mbele wala nyuma, akanigonga mgongoni.

"Suud, shuka."

"Kuna nini, umeumia?"

"Shuka nakwambia. Unadhani kule shamba Bumbwini nlikuwa nakwenda chuo cha Kurani kwa miguu?"

Nkashuka. Akajifunga buibui kiunoni, akakamata usukani, kidogo tu, kama mkono wa mgeni, akaondoka. Nkacheka, kisha nkaona ananiwacha kweli. Nkakimbia na makubadhi, nkayavua nkakimbia na miguu mitupu, mawe yananichoma, napiga kelele, "Kheiria! Breki ya mbele usiiguse!" Anaicheza kengele, krin, krin, katikati ya jangwa, hakuna wa kumpisha.

Kule mbele akasimama, akashusha mguu mmoja, akanigojea. Nimemfikia sina pumzi, nashika magoti, mdomo wazi na hakuna kinachotoka.

Kanitazama, jasho usoni, anang'aa.

"Haya, mume wangu," kasema. "Vuta pumzi, kisha unihadithie. Nakusikiliza."